Njia Itokayo Ngomeni: Tuifunge au Tuifungue?



Twapenda kuliweka mbele yenu jambo moja ambalo kwa nje laonekana dogo, lakini ndani yake mna mengi. Katika mkutano wa kamati uliopita ilisomwa barua kutoka kwa kikundi cha vijana wa hapa Chake Chake. Barua hiyo imeandikwa kwa adabu na kwa khati nzuri, nayo yaomba jambo moja tu: kwamba vijana hao, wavulana na wasichana, waruhusiwe kuitia alama njia ya miguu itokayo kwenye ngome kongwe ya Chake Chake mpaka kwenye magofu ya Mkama Ndume huko Pujini, ili wao na wenzao wa skuli nyengine wapate kuitembea kwa zamu, huku wakijifunza tarikhi ya kisiwa chao na kunyoosha viungo vyao. Wametuandikia sisi kwa sababu njia hiyo yapita ndani ya mashamba ya wanachama wetu tisa.

Kamati iligawanyika. Wako waliosema ndiyo kabla barua haijamalizika kusomwa, na wako waliosema hapana kabla haijaanza. Mzee wetu mmoja, ambaye ushauri wake twauheshimu siku zote, alisema neno lililotukaa moyoni: "Leo watapita kumi na vitabu, kesho watapita mia na magunia." Mkutano ukafungwa bila ya uamuzi, na jambo likawekwa mpaka Mkutano Mkuu.

Sisi tuliopewa kazi ya kuandika gazeti letu hili dogo twaona si vyema mwanachama afike mkutanoni na kunyoosha mkono bila ya kulipima jambo lenyewe. Kwa hivyo twatoa rai yetu waziwazi, na anayeipinga nafasi yake iko: njia hiyo ifunguliwe, na ifunguliwe kwa masharti. Tutaeleza kwa nini, na tutayataja masharti yenyewe.

Tuanze pale njia inapoanzia. Ngome ya Chake Chake twaipita sote. Tunaipita tukienda sokoni, tunaipita tukienda kumzuru mgonjwa, na wengi wetu hatujapata kusimama hata dakika tano tukaitazama. Waliopata kuiona mwanzoni mwa karne ya 19 waliandika kuwa ilikuwa na pembe nne na minara minne. Miwili ya mviringo kama ilivyo desturi ya majengo ya Waarabu na ya Waswahili, na miwili ya mraba, ambayo watu wa elimu hiyo wanaona huenda ina mkono wa Wareno ndani yake. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa ya ngome ikavunjwa ili pajengwe hospitali. Kilichobaki ni kipande tu, nacho ndicho kilichofanywa nyumba ya makumbusho ya Pemba. Kijana akisimama pale juu huuona mkono wa bahari na mikoko yake chini, na nyuma yake huuona mji na vilima vya mikarafuu.

Pahala hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Aliyeishika ngome aliushika mlango wa bahari, na aliyeushika mlango wa bahari aliyashika yote yaliyotoka kisiwani. Wareno walipita hapa. Wakafuata Waarabu wa Oman, waliowatoa Wareno katika ngome ya Mombasa mwaka 1698. Kisha Pemba ikawa chini ya Mazrui wa Mombasa, mpaka majeshi ya Seyyid Said bin Sultan yalipowatoa mwanzoni mwa miaka ya 1820. Katika zama hizo hizo ndipo mkarafuu, mti wa visiwa vya Maluku huko mashariki ya mbali, ulipoletwa kwetu kupitia visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi, ukaota Unguja na baadaye Pemba. Ilipopiga tufani kubwa ya Aprili mwaka 1872, mikarafuu ya Unguja iling'oka kwa wingi, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo karafuu ya Zanzibar ikawa, zaidi ya yote, karafuu ya Pemba. Sisi na chama chetu ni watoto wa upepo ule.

Lakini haifai kuisimulia khabari hii kwa fakhari peke yake. Mashimo ya mikarafuu ile ya mwanzo yalichimbwa na watumwa, na watumwa ndio waliopanda, wakapalilia, wakachuma na kubeba mpaka chini pwani. Utumwa haukufutwa kwa sheria katika visiwa hivi ila mwaka 1897. Twasema haya si kwa kumlaumu mtu aliye hai, bali kwa sababu kijana anayepita chini ya mkarafuu mkongwe na asiyajue haya, amepita chini ya mti tu. Akiyajua, amepita katika kitabu.

Sasa natuifuate njia. Yatoka ngomeni, yakata mji, yashuka bondeni, kisha yapanda tena, na hivyo ndivyo ilivyo nchi yetu upande huu: kilima na bonde, kilima na bonde, juu mikarafuu, chini mpunga. Hapo ndipo yalipo mashamba yetu tisa. Ukizidi kwenda kusini mashariki, karibu na upande wa uwanja wa ndege, vilima vyapungua nguvu, mikarafuu yaanza kuwa michache, na minazi na mihogo yazidi. Ardhi yatandaa. Mtu ambaye amepita kwa gari hakuliona hilo, kwani gari halimwambii mtu kwamba udongo umebadilika. Miguu humwambia. Safari nzima ni kama kilomita 10. Kijana mzima akipumzika mara mbili aweza kuimaliza kabla ya adhuhuri.

Na mwisho wa njia ni Pujini. Hapa hatuna haja ya kueleza sana, kwani hakuna Mpemba asiyesimuliwa na bibi yake khabari za Mkama Ndume: kwamba jina lake ni la mtu aliyewakama wanaume kama ng'ombe akamwavyo; kwamba aliwafanya watu wachukue mawe ya kujengea huku wakisota chini; kwamba alikuwa na wake wawili wasioonana, na kisima kikatiwa ukuta katikati, mmoja akiteka kwa kamba na mwengine akiteremka kwa ngazi. Hayo ni masimulizi. Lakini boma lenyewe si masimulizi. Lipo, na maboma yake ya udongo yaonekana hata leo. Pearce, aliyekuwa mwakilishi wa Waingereza Zanzibar, aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1920. Katika miaka ya 1990 akaja bibi mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Adria LaViolette, akachimba kwa utaratibu, na kazi hiyo imeonyesha kwamba boma hilo lilistawi katika karne ya 15, yaani kabla Mreno hajaifikia pwani hii. Watu hutoka nchi za mbali kuja kuyatazama mawe haya, na kijana wa Chake Chake mwenye miaka 16 hajapata kuyaona. Je, si aibu hiyo?

Basi sasa tuzitazame hoja za wanaosema hapana, na tuzitazame kwa insafu, kwani si hoja za ubakhili. Aliyepoteza ndiye anayejua uchungu wa kupoteza.

Hoja ya kwanza ni wizi. Kila mmoja wetu amepata kuamka asubuhi akakuta matawi yamekamuliwa, na karafuu mbichi, ambazo hazijafika hata kukomaa, zimekwenda. Ni khasara ya mara mbili, kwani mwizi huchuma kwa pupa, na tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika. Akivunja tawi amekuibia na misimu ijayo. Wanaosema hapana wasema: njia ikiwa wazi, mwizi naye amefunguliwa mlango. Sisi twauliza: mwizi wetu hupita wapi leo? Hupita njia hizo hizo zilizofungwa, tena usiku, kwa sababu ndizo zisizo na watu. Njia inayopitwa mchana na watoto wa skuli, wakiwa na mwalimu na daftari la majina, ni njia yenye macho. Mwizi haogopi miiba, huogopa macho.

Hoja ya pili ni uharibifu wa mashamba. Hii ina ukweli ndani yake. Udongo wetu wa vilimani huteleza, na njia ya miguu ikikanyagwa sana wakati wa masika hugeuka kuwa mfereji. Maji huifuata, hubeba udongo, na mizizi ya mikarafuu hubaki wazi. Aidha miche midogo, ambayo wengi wetu tumeipanda katika mapengo ya miti iliyokufa, hukanyagwa na mtu asiyeijua. Lakini dawa ya haya yajulikana. Njia hutiwa magogo ya kukingama na vijifereji vya kuyatupa maji pembeni. Mche hutiwa kijiti na kamba nyeupe. Na haipitwi wakati wa mvua kubwa. Vijana wameandika katika barua yao kwamba wako tayari kuifanya kazi hiyo kwa mikono yao. Twawauliza wanachama: ni lini mara ya mwisho mtu alikuja shambani kwako akaomba kukuchimbia mifereji bila ya ujira?

Hoja ya tatu ni heshima. Njia yapita karibu na nyumba za watu, ambako kina mama na mabinti huwa wamekaa barazani wakichambua karafuu, au wako katika shughuli zao. Hili ni jambo la haki kabisa, na hatukubali mtu aseme kuwa ni la kizamani. Dawa yake nayo ni nyepesi: njia izunguke nyua za watu, na anayeikaribia nyumba apige hodi kama alivyofunzwa kwao.

Hoja ya nne, iliyosemwa kwa sauti ya chini lakini ndiyo nzito kuliko zote, ni hii: shamba ni langu, kwa nini nipitiwe? Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo.

Mabwana na mabibi, hapa kwetu mti una mwenyewe, na hakuna anayebisha. Ardhi kwa sheria ni ya umma chini ya Serikali, na sisi tuna haki ya kuitumia. Lakini njia, tangu zama za mababu, ni ya miguu. Mtu akienda kisimani, akienda msikitini, akimpeleka maiti makaburini, hupita shambani kwa mwenzake, na mwenzake huitikia salamu. Hatujapata kusikia mzee wa zamani akimwambia mpitaji, rudi ulikotoka. Desturi ya kufunga njia ni mpya, nasi tunaoandika maneno haya tu katika walioianzisha. Yatupasa tuliseme, ijapokuwa si tamu kulisema.

Miaka michache nyuma, katika shamba la ukoo wetu, ziliibiwa karafuu. Hazikuwa nyingi, lakini hasira ilikuwa nyingi. Tukakata miti, tukakata matawi ya mindimu yenye miiba, tukaiziba njia iliyokuwa ikipita shambani kutoka kilimani hata barabarani. Njia ambayo babu zetu waliikuta. Majirani walinung'unika kidogo, kisha wakazoea kuzunguka. Sisi tukaona tumefanya kazi ya maana, na kwa hakika msimu ule hatukuibiwa.

Msimu uliofuata ulikuwa wa neema. Katika shamba la jirani, upande wa juu, mchumaji mmoja alikuwa juu ya mti wakati wa alasiri, amevuta tawi kwa upembo, na tawi lile likamvunjikia. Akaanguka. Wenzake wakamlaza juu ya kitanda cha kamba wakamchukua mbio kumteremsha barabarani. Kwa njia ile ya zamani ni robo saa. Wakafika kwenye ua wetu wa miiba na jua limekwisha kuzama. Walijaribu kuukata kwa mapanga gizani wakashindwa, kwani tuliujenga vizuri. Wakarudi nyuma, wakazunguka kupitia bonde la mpunga, maji magotini, na mgonjwa juu ya mabega yao akilia. Walichelewa kiasi cha saa nzima.

Alhamdulillahi mtu yule yu hai. Lakini hatembei ila kwa fimbo, na mtini hakwei tena. Tulikwenda kumtaka radhi. Alitukaribisha kahawa, na akasema: "Ni kadari." Nasi twaamini kadari kama yeye. Lakini ua ule tuliujenga kwa mikono yetu wenyewe. Kesho yake tuliuvunja, na tangu siku ile kila tunaposikia mtu akisema "funga njia," twasikia sauti ya mgonjwa bondeni.

Ndiyo maana barua ya vijana hawa haikutupata kama ilivyowapata wengine. Wao wameomba kufunguliwa njia ya matembezi. Sisi tuliona kwamba wanatuomba tukumbuke njia ni kitu gani. Njia isiyopitwa huota majani, ikiota majani husahauliwa, ikisahauliwa hujengewa ua, na siku ya haja haipo. Njia inayopitwa na watoto kila mwezi haiwezi kufa. Mwanachama anayewapa vijana ruhusa leo anajiwekea akiba mwenyewe.

Kuna jambo jengine, nalo ni la mustakbali wa zao letu. Mkarafuu hauna haraka. Mwenye kupanda mche leo hungoja miaka sita au minane kabla hajaona karafuu za maana, na mti ukitunzwa hupita umri wa aliyeupanda, wengine wakifika miaka mia na zaidi. Maana yake ni kwamba kila mkulima wa karafuu humpandia mtu mwengine. Basi mtu huyo ni nani? Tuwatazame watoto wetu. Kijana wa mjini ajua harufu ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara, lakini hajui kwamba kilo tatu mbichi, zikichambuliwa makonyo na kuanikwa juani siku nne au tano, hutoa kilo moja kavu tu. Hajui kwa nini karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Hajui kwa nini zikilundikwa mbichi usiku mmoja huharibika. Amesoma skuli mambo mengi mazuri, nasi hatuyadharau, kwani sisi pia tumesoma skuli. Lakini mti uliomlipia ada baba yake haujui. Siku atakaporithi shamba atalitazama kama mgeni, na mgeni kazi yake ni kuuza.

Vijana hawa wametuandikia kwamba wangependa njiani pawe na pahala pawili pa kupumzikia, na pamoja pawe penye sakafu ya kuanikia karafuu ya mwanachama wetu yeyote atakayekubali. Wanataka waonyeshwe kazi. Hatukuwaita, wamekuja wenyewe. Je, wazee wangapi katika kisiwa hiki wanaomba kwa Mungu usiku na mchana watoto wao wawaulize swali hilo hilo?

Sasa masharti. Sisi si watu wa kufungua mlango kisha kwenda kulala. Tunapendekeza haya, na mwenye kuzidisha azidishe.

Kwanza, kila kundi liandikishe majina yake kwa katibu wa chama na kwa sheha wa kila shehia inayopitwa, siku tatu kabla ya safari, na lisizidi vijana 20 kwa mara moja, pamoja na mkubwa wao. Mali bila ya daftari huisha bila ya khabari, na hata wapitaji ni hivyo hivyo.

Pili, wasichana wakiwamo, basi mwalimu wao wa kike awemo.

Tatu, msimu unapoanza, ambao aghalabu ni mwezi wa Julai, njia ifungwe kwa matembezi mpaka uchumaji uishe katika mashamba yote tisa. Na wakati wa masika isipitwe kabisa. Iwachwe siku moja tu katika msimu, itakayochaguliwa na chama, ambayo kundi moja litafika sakafuni kuchambua na kuanika pamoja na wenyeji. Hapo hawatakuwa watazamaji, watakuwa wasaidizi.

Nne, moto usiwashwe ndani ya shamba kwa hali yoyote, wala sigara, wala kuni za chai. Majani makavu ya mkarafuu yana mafuta, na mwenye shamba ndiye ajuaye yanavyowaka.

Tano, mtu asiguse tawi, asikwee mti, wala asichukue hata konyo moja. Na atakayekamatwa na karafuu mfukoni, kundi lake zima lisirudi mwaka ule.

Sita, alama za njia ziwe mawe yaliyopakwa chokaa na vibao vya mbao vilivyosimamishwa chini. Misumari isipigiliwe katika mikarafuu, kwani jeraha la mti ni mlango wa maradhi.

Saba, kila mwaka kabla ya mvua vijana wafanye siku mbili za kazi: moja ya kutengeneza mifereji na magogo ya njia, na moja ya kupanda na kuitilia miche vivuli katika mapengo ya mashamba hayo tisa, kwa maelekezo ya wenyewe.

Nane, wazee wa vijana watie sahihi kwamba wanajua watoto wao wanakwenda wapi, na kwamba chama wala mwenye shamba hatadaiwa akitokea aliyeteleza. Pujini penyewe na ngomeni penyewe ni pahala pa Mambo ya Kale, na ruhusa ya huko waiombe kwa wenyewe. Hiyo si yetu kuitoa.

Hayo ndiyo masharti. Tukiyatazama vizuri tutaona kwamba mwanachama hapotezi kitu ila upana wa njia, ambao kwa kweli haukuwa wake. Naye apata wasaidizi, apata macho ya mchana, na apata watu 20 kila mwezi watakaojua kuwa shamba hili ni la fulani, na kwamba fulani ni mtu wa watu.

Na tumalizie kwa neno la tarikhi, kwa kuwa vijana wenyewe wameanza na tarikhi. Ncha moja ya njia hii ni ngome ya watawala waliotazama baharini ili mali isitoke bila ya idhini yao. Ncha ya pili ni boma la mtu ambaye jina lake lina maana ya kuwakama watu. Wote wawili walikuwa na kuta nene, wote wawili walikuwa na nguvu, na leo kuta zao zimebaki vipande, na mbuzi wanakula majani juu yake. Kilichobaki kizima baina yao ni njia ya miguu, ambayo haikujengwa na mfalme yeyote, bali na watu wanyonge waliokwenda na kurudi na mizigo vichwani. Isije siku moja mtoto akauliza, akaambiwa kwamba kati ya ngome hizi mbili ilikuwapo ngome ya tatu, nayo ilijengwa kwa miiba na wakulima wa karafuu.

Wanachama tisa ambao mashamba yao yanahusika tutawafikia mmoja mmoja kabla ya Mkutano Mkuu, Inshaallah, tukiwa na barua ya vijana mkononi, ili kila mmoja aisome mwenyewe au asomewe. Asiyekubali hatalazimishwa, na njia itatafutiwa mzunguko nje ya shamba lake. Wala hatatazamwa kwa jicho baya. Lakini tunamwomba jambo moja: kabla hajasema hapana, aitembee njia hiyo mwenyewe siku moja asubuhi, kutoka ngomeni hata Pujini, kwa miguu, kama walivyoitembea wazee wake. Sisi tuliitembea wiki iliyopita. Tulikuta pahala pawili pamefungwa kwa miiba, na pahala pengine mzee mmoja akipalilia miche, ambaye alipotuuliza tunakwenda wapi tukamwambia, aliweka jembe chini, akasema: "Waambieni waje. Nina sakafu, na nina maji ya kunywa."

Wabillahi taufiki.

Katibu